Nyama ya Kusaga Ndani ya Kikapu

Jumapili ndiyo siku Wawira alimwona mumewe, lakini aliimaliza akiwa amempa mgongo.

Ephantus alifanya kazi katika shamba la maua upande wa Longonot. Alifika nyumbani Lanet saa saba mchana, na saa kumi alikuwa anaondoka tena. Mwaka huo wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi na yote yaliyotokea, sauti ya simu haikumtosha Wawira. Alimtamani mumewe wiki nzima. Halafu akija, yeye yuko uani anapuliza makaa, kwa sababu Ephantus alipenda mkate uliojazwa nyama ya kusaga yenye mchuzi mzito.

"Mama Shiko, si ukuje tukae?"

"Nakuja, wacha hii iive."

Ikiiva, saa kumi hiyo. Wawira alibaki na sufuria ya kuosha na hamu ileile.

Jirani yake Sudha, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, alimwonyesha kikapu chake. Ndani alitandika blanketi kuukuu, juu akafunika mto. Asubuhi alikuwa akiingiza sufuria ya dengu iliyochemka, anaenda dukani, na akirudi dengu zimeiva.

Wawira akatengeneza chake. Jumapili alipika haraka haraka, akafunika, akaenda kanisani. Aliporudi, kila gari liliposimama barabarani alifikiri ni Ephantus, akafunua sufuria aone kama nyama iko tayari. Ephantus alipofika kweli, nyama ilikuwa vuguvugu na inanuka. Wakaimwaga, wakala mkate na chai. Wawira alilia, wala hakuwa analilia nyama.

Kesho yake alikwenda kwa Sudha.

"Mama Pranav, hiyo kikapu ni ya dengu tu. Nyama imekataa."

"Uliichemsha sana kwanza?"

"Kidogo tu. Nilikuwa nachelewa church."

"Na ulifungua?"

Wawira akatazama chini. "Nilifungua-fungua. Nilikuwa namngoja."

Sudha alicheka kwa upole. Mwanawe Pranav alikuwa ng'ambo, naye alijua kungoja.

"Sikia. Mimi nyama ya ng'ombe sili, na hata sitakuonjea. Lakini joto ni joto. Kikapu haina moto, inalinda tu ile umeipatia. Kaanga nyama na vitunguu mpaka wekundu wote uishe. Weka nyanya, funika, iache itokote kabisa. Sufuria ijae vizuri, chakula kidogo kinapoa haraka. Itoe motoni uiweke kikapuni hapo hapo. Usifungue mpaka watu wakae kula. Ukikuta imepoa, usiwape watu. Nyama ya kusaga ikikaa vuguvugu itawaumiza tumbo."

"Na nikisikia gari?"

"Enda kwa gate umwangalie yeye. Wachana na sufuria."

Jumapili iliyofuata Wawira alifanya hivyo. Gari likisimama, alitoka mpaka getini. Kikapu hakukigusa, ingawa mkono ulimwasha kweli kweli.

Ephantus aliingia, akatazama uani. Jiko lilikuwa limezimwa.

"Leo hupiki?"

"Nilishapika. Keti."

Wawira alifunua sufuria. Mvuke mkali ukampanda usoni. Binti yao Shiko alipasua mikate, mama akajaza nyama, na mchuzi ukawachuruzika mpaka viwikoni. Walikula, wakashiba, wakabaki wamekaa. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka.

Wawira akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Baba Shiko, hizi mvi zimeanza lini?"

"Hizi?" Ephantus akajishika kichwa. "Ziko hapa tangu mwaka jana."