Mtungi wa Mama Mkwe

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, madirisha yamefungwa, harufu ya oili chafu na soksi. Bosi alichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, akainusa, kisha akaitumia hiyo hiyo kuonyesha mchoro mezani. Fundi alisogeza kiti nyuma.

"Tunabeba betri za kituo cha umeme cha mtaa," Bosi alisema. "Fundi anazima, Shemeji anakata nyaya. Basi."

"Si basi," Fundi alijibu. "Sola zote za mtaa zimeunganishwa. Nikizima kituo, betri za zahanati zinaiacha laini hai, na sola za mapaa zinaendelea kusukuma umeme mpaka kwenye nyaya za kituo. Lazima nizime na zahanati."

Bosi alipiga miayo. "Zima, basi."

"Mama yangu yuko pale. Anapumulia mashine."

Shemeji, mume wa dada yake, alimpiga begani. "Ondoa shaka. Nitampelekea mtungi wa oksijeni mapema. Mama mkwe wangu yule, au umesahau?"

Saa saba mchana, kituoni. Jua la utosi. Mlinzi alilala sakafuni, kafungwa kamba, kajikojolea. Fundi aliyefunga mitambo ile kwa mikono yake sasa alikuwa anaiibia. Alijiona takataka. Alizima kituo. Kabla ya kugusa kitufe cha zahanati, alimpigia nesi.

"Mtungi wa mama umefika?"

"Mtungi gani, kaka?"

Alikata simu. "Shemeji, mtungi uko wapi?"

"Nimeuuza jana." Shemeji alikenua meno. "Bibi mwenyewe kashakula chumvi nyingi, jamani! Zima tuondoke."

Bosi aliangua kicheko, mate yakamrukia Fundi shavuni. Wanyama, aliwaza. Na mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

"Umezima?" Bosi aliuliza.

Fundi aliondoa kidole kwenye kitufe. "Nimezima kituo."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Asubuhi hawakuwa wamesikiliza.

Shemeji alibana waya kwa koleo la chuma. Mlio mmoja mkali, mwili ukakakamaa. Bosi akamrukia kumvuta, akanaswa naye. Chumba kikajaa harufu ya nyama iliyoungua. Fundi akamfungua mlinzi akaite polisi, akakaa chini kuwasubiri.

Simu ikaita. Dada yake.

"Kaka, umemwona mume wangu? Ameaga anampelekea mama mtungi."

Fundi alivitazama viatu vilivyokuwa vikifuka moshi.

"Yuko hapa," alisema.