Githeri ya Kikapuni

Jumamosi kwa kina Wamboi haikuwa siku ya kulala. Kabla jua halijapanda vizuri juu ya mashamba ya Theta, tayari alikuwa amefagia uwanja, amewapa kuku maji na kumwosha uso mdogo wake Njau, mtoto wa miaka minne aliyeamini kwamba maji ya asubuhi ni adhabu. Jumamosi hii ilikuwa na kazi moja zaidi, nayo ndiyo iliyomtia matatani.

Mama yake alikuwa ametengeneza kikapu cha kuivishia chakula. Kilikuwa kikapu kikubwa cha kawaida, ila ndani alikuwa amekishonea blanketi kuukuu na kukijaza vipande vya godoro. Sufuria ikishachemka vizuri jikoni inaingizwa humo, inafunikwa kwa mto mzito, na chakula kinaendelea kuiva chenyewe bila makaa wala moshi. Tangu waanze kukitumia, gunia la makaa lilikuwa linakaa muda mrefu, na kikohozi cha Njau kilikuwa kimepungua. Mama alitaka wenzake wote wa kikundi cha kanisa wawe na vikapu kama hivyo, lakini wao walimcheka. Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa jirani yao, Mama Mitchell.

"Idah, kwani unapika githeri ama unaatamia mayai?" alimuuliza Mama siku moja, na kikundi kizima kikaangua kicheko.

Basi Mama akawaalika waje kula wajionee wenyewe. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda sokoni Ruiru, alimwachia Wamboi sufuria ya githeri, mahindi mabichi na maharagwe mekundu yaliyolowekwa usiku kucha.

"Sikiza vizuri," alimwambia. "Haya maharagwe lazima yatokote kwa nguvu nusu saa nzima ndio yaingie kwa kikapu. Si kuchemka tu, kutokota! Yakiingia mapema yanalainika juu juu, lakini ndani sumu yake inabaki. Tulikula kama hayo nikiwa shule, tukatapika bweni zima. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mum."

Na kweli alikuwa ameelewa. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye.

Sufuria ilipoanza kuchemka, Wamboi aliangalia saa ya ukutani. Hapo hapo sauti ya rafiki yake Nafuna ikasikika langoni.

"Wamboi! Kuja haraka! Tunacheza kati na watoto wa ploti ya chini, na wanatuchapa!"

Katika mchezo wa kati, hakuna aliyejua kukwepa mpira kama Wamboi, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri kupita kiasi.

"Ngoja kidogo, niko na githeri."

"Si mko na kikapu? Si ndicho kinapika?"

Maneno hayo yalimwingia kama asali. Povu lilikuwa ndiyo kwanza linapanda. Aliepua sufuria, akaiingiza kikapuni, akafunika, akamshika Njau mkono na kutoka mbio. Na walishinda. Lo, walivyoshinda!

Mama alirudi na nyanya na dania, na swali lake lilikuwa moja. "Ilitokota nusu saa?"

"Ndio, mum," Wamboi alijibu, akijifanya anatafuta vikombe. Uongo ulitoka mwepesi sana. Kazi ilikuwa kukaa nao.

Wageni walifika mchana, wakaingia jikoni kujionea. Mama aliinua mto, akafunua sufuria, na mvuke ukapanda hadi darini.

"Haiya!" mmoja alishangaa. "Imeiva kweli!"

Hata Mama Mitchell alisogea akachungulia. Wamboi hakuwa amemwona mama yake akiwa na furaha kama ile kwa muda mrefu. Mama alipakua githeri kidogo kwenye kisahani, akampa Njau aliyekuwa akilia njaa, kisha akapeleka sufuria sebuleni.

Wamboi alibaki jikoni na Njau. Aliokota haragwe moja kwenye kisahani chake, akaling'ata. Ganda lilikuwa laini, lakini ndani palikuwa pagumu, peupe kama chaki. Alijua alichopaswa kufanya: kumpokonya Njau kisahani na kupiga kelele. Lakini sebuleni Mama alikuwa akicheka. Akisema sasa, Mama ataaibika mbele ya kikundi chote, na Mama Mitchell atapata hadithi ya mwaka mzima. Akasimama pale pale huku Njau akila kijiko baada ya kijiko. Pengine hakitatokea kitu, alijiambia. Pengine.

Sebuleni sahani zilikuwa zimejaa. Mama Mitchell aliombwa aombee chakula.

"Bwana, tunakushukuru," alianza. "Bariki chakula hiki, na ubariki mikono iliyokitayarisha..."

Wamboi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuweza kuvumilia tena.

"Msile!"

Macho yote yakafumbuka.

"Msile, tafadhali. Maharagwe hayajaiva. Sikuyatokosa. Niliepua yakianza tu kuchemka nikaenda kucheza. Nimemdanganya mum." Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Mama aliweka kijiko chini polepole. Hakuuliza kuhusu wageni, wala kuhusu kikapu. "Na Njau?"

"Amekula, mum. Nilimwona akila."

Mama alimtazama kwa namna ambayo Wamboi angeona afadhali kuchapwa. Kisha akakimbilia jikoni. Njau alikuwa amemaliza, anacheza na kijiko chake, mzima kabisa. Wakamweka karibu, wakangoja. Chai ikamiminwa na hakuna aliyeinywa. Wamboi alikuwa ameanza kutumaini, ndipo Njau aliposhika tumbo na kujikunja. Akatapika. Akatapika tena, na tena, mpaka yakabaki maji ya manjano, na shingo yake ikalegea begani kwa mama yake.

"Nipe mtoto," Mama Mitchell alisema. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka. Alimfunga Njau mgongoni kwa leso yake na kutangulia njiani kuelekea zahanati, Mama na Wamboi wakimfuata nusu wakikimbia.

Nesi Dismas alimlaza mtoto kitandani. "Amekula nini?"

Wamboi alisogea mbele kabla ya mtu mwingine kujibu. Alieleza yote: maharagwe ya aina gani, yalichemka kidogo kiasi gani, Njau alikula kiasi gani na saa ngapi. Hakupunguza neno.

"Umenisaidia," nesi alimwambia. "Wengi wananyamaza kwa aibu, mimi nabaki kubahatisha."

Alichanganya dawa ya kurudisha maji mwilini, wakawa wanampa Njau kwa kijiko, kidogo kidogo. Mara mbili aliitapika yote. Wamboi alikaa sakafuni, ameshika mguu wa mdogo wake uliokuwa baridi, akiomba bila sauti. Jua lilikuwa limeshuka Njau alipofumbua macho na kusema kwa kinyongo kwamba anataka kukojoa. Nesi alicheka. "Maji yamemkaa mwilini, sasa tuko sawa," alisema, na Mama akaficha uso kwenye kanga yake akalia.

Waliporudi nyumbani, Wamboi aliuliza kwa sauti ndogo, "Mum, tutatupa kikapu?"

"Kwani kikapu kilikosa nini?" Mama alimjibu. "Kikapu kinaokoa makaa na kinatuondolea moshi, lakini hakiwezi kufanya kazi yako. Na uongo wako haukukaa kwako, mwanangu, uliingia tumboni mwa Njau. Umesema ukweli mbele ya watu, na nimeona ilivyokuwa ngumu. Wageni wangu umewaokoa. Lakini siku nyingine useme kabla mtoto hajala."

Jumamosi iliyofuata akina mama walirudi, na Mama akamwachia Wamboi sufuria ile ile. Safari hii hakubanduka jikoni. Githeri ilitokota hadi kifuniko kikacheza, na muda ulipotimia ndipo alipoiingiza kikapuni. Wakati wa kula, alivunja maharagwe mbele ya wageni. Yalikuwa laini hadi ndani. Mama Mitchell alikuwa wa kwanza kunyoosha sahani.

"Nitashona changu wiki hii," alisema. "Lakini Wamboi ndiye atakuja kunionyesha."

Njau alipewa kisahani chake. Hakula. Alikitazama, kisha akainua macho kwa dada yake.

"Hii haitaniumiza tumbo?"

Wamboi alipiga magoti mbele yake.

"Haitakuumiza, Njau. Nimeitokosa mwenyewe."

Njau alifikiri kidogo, akachukua kijiko, akala.