Keram Si Tenisi

Kitu cha kwanza alichokiona Najla jioni ile ni poda. Mama yake, Bi Suad, alikuwa amemaliza zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, akapitia kwa jirani kucheza keram, ule mchezo wa kusukuma kete kwa kidole hadi mashimoni, kisha akaja moja kwa moja kwenye kikao cha wazazi, shuleni kwao Ilford, ughaibuni. Alipompa mkono Mwalimu Alka, poda nyeupe ya kulainishia ubao wa keram ilikuwa imejaa kwenye ukucha wa kidole chake cha kupigia kete. Najla alitamani mama aufiche mkono ule ndani ya mtandio.

Kama kawaida, Najla alikaa katikati yao kutafsiri. Bi Suad alikuwa na miaka miwili tu tangu atoke Pemba, na Kiingereza chake kilikuwa bado cha salamu na cha kazini.

"Siku ya Michezo mwaka huu, wazazi nao watatuonyesha michezo yao," alisema Mwalimu Alka, ambaye alifundisha michezo. "Mama yako anacheza mchezo gani?"

Najla alitafsiri. Mama akacheka. "Mwambie keram. Tangu mdogo nawafunga kaka zangu pale Wete!"

Najla akakumbuka mabishano ya asubuhi darasani, kuhusu mchezo ni nini hasa. Kavita alisema siku hizi hata michezo ya kompyuta ina mashindano na vikombe. Amir akaruka: "Kama hutoki jasho, huo si mchezo. Huo ni uvivu wa kukaa!" Darasa zima lilicheka, na Najla alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Tenisi," alimwambia mwalimu. "Mama anacheza tenisi."

Uso wa Mwalimu Alka ulichangamka. Akasema mengi kwa haraka.

"Kasemaje?" aliuliza mama.

"Amefurahi."

Siku chache baadaye, mama alipata ujumbe kutoka shuleni, na simu yake ikamtafsiria: tafadhali njoo na vifaa vya mchezo wako. Bi Suad alifurahi mpaka akabadilishana zamu na mwenzake. Kila jioni aliufuta ubao kwa kitambaa laini na kuzipanga kete.

"Unadhani watoto wa Kizungu watapenda?" aliuliza.

"Watapenda," Najla alijibu bila kumtazama. Kila jioni alijiambia kwamba atasema kesho.

Siku yenyewe walipanda basi, mama ameukumbatia ubao uliofungwa kwa shuka. Najla alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, kama mtu asiyemjua.

Uwanjani palikuwa na wavu, na wanafunzi wenye raketi walikuwa wamejipanga. Kwenye bango juu ya wavu paliandikwa neno moja kubwa, tenisi, na chini yake jina la mama. Bi Suad alisoma taratibu, midomo ikichezacheza.

"Najla," alisema. "Mimi na tenisi wapi na wapi?"

Najla alitazama viatu vyake. Mama alimtazama, akatazama yale maandishi, kisha akamtazama tena. Alikwisha kuelewa.

Mwalimu Alka akaja mbio. "Karibu sana! Raketi yako iko wapi?"

"Mwambie mimi ndiye niliyekosea," mama alisema kwa sauti ndogo. "Mwambie Kiingereza changu kibovu, sikuelewa swali."

"Mama..."

"Mwambie, mwanangu. Mimi ni mgeni, hainidhuru kitu. Wewe ndiye unayesoma hapa."

Najla alimgeukia mwalimu. "Mama anasema yeye ndiye aliyekosea," alitafsiri. "Lakini si kweli. Aliniambia keram. Mimi ndiye niliyesema tenisi, kwa sababu niliogopa kuchekwa."

Wanafunzi wenye raketi walisikia kila neno. Mwalimu Alka aliutazama ubao.

"Mngeniambia ni keram, ningewatafutia meza tu," alisema. "Kama ni mchezo wa uwanjani au wa nyumbani, watu watabishana mpaka kesho. Lakini mtu akijizoeza miaka yote hiyo, mimi namwita mwanamichezo."

Meza ikaletwa. Amir alikuwa wa kwanza kukaa, akitabasamu kwa dharau. Alipiga kwa nguvu. Kete zikagonga ukingo na kumrudia. Akapiga tena, ikawa vilevile.

"Mwambie keram haitaki misuli, inataka pumzi ya utulivu," mama alisema.

"Tena!" alisema Amir, akijifuta paji la uso.

"Unatoka jasho, Amir?" Kavita alimuuliza, na watu wakaangua kicheko.

Baadaye baba yake Kavita, Bwana Rajesh, aliyeijua keram tangu zamani, alimfunga Bi Suad, na mama akampa mkono huku akicheka.

Walipokuwa wakielekea kituoni, mama alisema, "Maneno ya mtu ni amana, Najla. Nikikupa neno umpelekee mtu, lifikishe kama nilivyokupa. Hapa sina mdomo mwingine ila wewe."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Uliionea aibu keram, basi. Ni utoto tu."

Ingekuwa rahisi kuitikia. Najla alisimama, akashika upande mmoja wa ubao ili wabebe pamoja.

"Si keram, mama," alisema. "Nilikuonea aibu wewe."