Kitufe cha Kasi na Chumba Kisichokuwapo

Siku ya pili baada ya kompyuta kufika, palikuwa na mgeni katika chumba namba kumi na tatu. Hoteli haikuwa na chumba namba kumi na tatu.

Haikuwa nacho kwa sababu Wazungu, ambao hupanda ndege usiku kucha waje Watamu kutucheka kwa kuogopa majini, hawalali penye namba hiyo hata kitanda kiwe cha dhahabu. Msimulizi wenu amefukuzwa katika hoteli za mabara matatu, na zote ziliruka namba hiyo hiyo. Basi hapa nako ukipita ukumbini unakuta mlango wa kumi na mbili, kisha ukuta mtupu, kisha mlango wa kumi na nne.

Kaltuma, karani wa mapokezi, mwanamke wa Mambrui asiyeazima maneno kwa mtu, aliitazama ile skrini ya kijani akamwita meneja.

"Bwana Faki, yule mzee wa Kijerumani nilimwandika kumi na mbili. Mashine imemtia kumi na tatu."

"Umekosea kuandika."

"Mimi?"

Faki akaona afadhali atazame dari. Alisomea mambo ya hoteli Uswisi miezi michache, na tangu arudi hakuweza kumaliza habari yoyote bila kutaja theluji. "Ulaya," akasema, "mashine haikosei. Anayekosea ni mkono wenye hina."

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na mbele lilikuwa na kitufe kimoja. Kitufe kikiwa nje, mashine inakwenda pole pole na kila mgeni analala alipoandikwa. Ukikibonyeza, taa nyekundu inawaka, mashine inakwenda kwa kasi yake kamili, ile iliyochapwa ubavuni kwa herufi za majivuno na iliyomfanya Faki amshawishi tajiri wake, Mwitaliano mwenye hoteli, ainunue. Kwa kasi hiyo mambo huwa shwari asubuhi. Likipanda jua la adhuhuri, hoteli nzima ikajilaza, mgeni wa kumi na mbili huwa mgeni wa kumi na tatu. Wengine hawaguswi.

Adhuhuri hiyo mzee wa Kijerumani alitoweka na begi lake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vyake vilikutwa ukumbini, vimepangwa sambamba chini ya ule ukuta mtupu, kama vile mtu avuavyo viatu mlangoni pa mwenyeji wake kabla ya kuingia.

"Amehamia Kikambala," Faki akasema. "Wajerumani hawana shukrani." Akalifuta jina lake, ambalo tangu mashine ije halikuandikwa penginepo, na viatu akampa mtunza bustani.

Wiki iliyofuata akaondoka vivyo hivyo bibi mmoja wa Kifaransa mwenye kofia kubwa ya ukili. Ndara zake zilikutwa pale pale. Faki akasema bila shaka amemfuata Mjerumani, wazee wa Ulaya wana mambo yao, akalifuta na hilo jina. Kaltuma ndiye aliyesimama mbele ya ukuta akanusa. Palinukia udi. Na ndani ya ukuta, kwa mbali, aliwasikia watu wakigonganisha vikombe vya kahawa.

Waliouza mashine wakamleta fundi wao kutoka Nairobi, kijana aitwaye Nahashon, mwenye sanduku la bisibisi na dharau ya kutosha wilaya nzima. Mkewe, Jedida, alikuwa karibu kujifungua, na bosi wake alikwisha mwambia kwamba mashine isipotulia kwa kasi yake kabla ya tajiri kuja kuitazama, asijisumbue kurudi kazini. Chumba kilichokuwa wazi ni kumi na mbili. Wafanyakazi walitazamana, wakampa ufunguo.

Nahashon alilifungua sanduku la mashine akamwonyesha Kaltuma safu za vipande vyeusi vyenye miguu kama tandu.

"Hizi ni chipu. Ndizo kumbukumbu ya mashine. Hapa ndani, kumi na mbili na kumi na tatu zinatofautiana alama moja tu, ile ndogo kabisa. Chipu ikiwa dhaifu, ukiikimbiza inashindwa kushika hiyo alama. Inageuka. Kumi na mbili inakuwa kumi na tatu. Hakuna kitu ingine. Nyinyi watu wa pwani hata stima ikipotea mnaita shehe."

"Nasi twashukuru umekuja kutuokoa," Kaltuma akasema. "Sasa tengeneza."

Alizikandamiza chipu zote kwa kidole gumba, maana joto huzifanya zichomoke kidogo kwenye vishikio vyake. Akabonyeza kitufe. Adhuhuri jina lake lilikuwa kumi na tatu. Kaltuma akakifyatua kitufe upesi, akamrudisha kumi na mbili. Nahashon akaelekeza feni ndani ya sanduku, akijua joto ni adui wa kasi. Kumi na tatu. Akahamisha chipu ya alama ile akaitia mahali pa jirani yake, kwa hesabu kwamba kama kasoro ni ya chipu, itahama nayo. Haikuhama. Akazing'oa zote akatia mpya, zenye kasi kubwa kuliko iliyotakiwa. Kumi na tatu. Kila mara Kaltuma alikuwa pale pale, kidole juu ya kitufe, akimrudisha, naye fundi akimcheka.

Siku aliyoacha kucheka alikuwa peke yake mapokezi. Mashine ile ikiwashwa huhesabu kumbukumbu yake yenyewe, tik, tik, tik, namba zikipanda kwenye skrini. Nahashon akaiwasha kwa kasi, akainama kusikiliza, na baina ya tik moja na nyingine akasikia sauti ya mtu mzima, ya upole, ikihesabu pamoja nayo upande wa pili wa ukuta, bila haraka, kama mwenyeji anayehesabu vikombe ajue kama vitawatosha wageni. Na mashine iliponyamaza ile sauti haikunyamaza, ikaongeza moja.

Alimkuta Kaltuma jikoni. "Dada," akanong'ona, "huyo mganga mzee mnamtajataja, wa Vitengeni. Mwiteni tu. Si ati naamini."

Mzee Mwambire alishuka kwenye basi akiwa na miwani ya jua na mkoba wa wakili, akakataa chai akaomba soda.

"Shikamoo, mzee," Kaltuma akamwambia.

"Marahaba. Huyu Faki bado mjinga?"

"Yupo."

Mwambire akalitazama lile sanduku kama mtu atazamaye mbuzi mgonjwa. "Nyumba hii ilipojengwa mimi ndiye niliyeitwa. Pale palikuwa na mwenyewe tangu zamani, nikamwambia Mwitaliano, mwachie chumba kimoja. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, mpe kumi na tatu, mimi sinacho. Nikampa. Mwenyewe akakubali, maana kwao majini chumba kisichokuwapo ndicho chumba. Miaka yote hii mmesikia lolote?"

"La."

"Basi sasa mnampelekea wageni. Mungu amemuumba na adabu zake. Mgeni akiletwa kwake humkaribisha, na akishamkaribisha hamruhusu kuondoka kwa haraka. Muulizeni huyu fundi, mashine ikienda taratibu inakosea?"

"Haikosei," Nahashon akasema.

"Kwa hiyo iende taratibu. Kunyweni soda."

Faki alicheka kwa madaha. Tajiri anakuja kesho na wenye hoteli wenziwe wa Malindi kuiona kasi, yeye awaonyeshe konokono? "Ulaya hawaendeshi mambo kwa miwani ya mzee wa Vitengeni," akasema, na theluji akaitaja pia.

Walikuja adhuhuri, watu wanne wenye suruali nyeupe. Nahashon, aliyekwisha kukubali kufukuzwa ilimradi arudi kwa Jedida, alikuwa chumbani akifunga begi. Kaltuma alitoka kuagiza maji ya madafu, na aliporudi taa nyekundu ilikuwa inawaka, Faki ametanua mkono mbele ya skrini kama muuza mazulia.

Kaltuma akasoma. *13 NAHASHON.*

Alikwenda mbio ukumbini. Kitanda cha kumi na mbili kilikuwa kimetandikwa, begi halipo, na chini ya ukuta mtupu vilisimama viatu vya fundi, vimepangwa sambamba, soksi zimekunjwa ndani yake kwa unadhifu ambao kijana yule hakuwa nao maishani.

Kwenye swichibodi ya simu, mwanzoni mwa ukumbi, kibao kimoja cha kuonyesha chumba kinachopiga kikaanguka, tap. Kilikuwa kati ya kumi na mbili na kumi na nne, mahali ambapo fundi wa simu hakuwahi kutoboa tundu. Kaltuma akainua mkono wa simu.

"Dada Kaltuma." Ilikuwa sauti ya Nahashon, ndogo, ya mtu aliyefunika mdomo. "Niko kwa mtu. Ni mtu mzuri sana. Ananipa kahawa. Nikunywe?"

"Usinywe."

"Ananiuliza haraka ya nini. Nimemwambia mke wangu anazaa. Anasema atangoja, hapa kila mtu anangojewa, na kikombe kinanukia vizuri dada, na mkono wangu umeshaenda, nauona umeshaenda, sijauambia."

"Nahashon, nisikize. Usinywe."

Akarudi mezani kwa hatua za mtu aliyebeba maji, kwani wale wa suruali nyeupe walikuwa wakimtazama, na alipopeleka mkono kwenye kitufe Faki akaudaka mkono huo akitabasamu kwa wageni, akamnong'oneza kwa meno yaliyofungwa, "Mbele ya tajiri? Utalala kwenu leo," naye Kaltuma, huku udi ukizidi kunukia hata mmoja wa Waitaliano akapiga chafya, huku ndani ya ukuta vikombe vikigongana karibu zaidi na karibu zaidi kama karamu inayotaka kuanza, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nitalala kwetu," akakifyatua kitufe kwa kiwiko.

Taa ikazimika. Mashine ikaanza kwenda pole pole, herufi moja, kisha nyingine, na tajiri akauliza kwa nini imekuwa goigoi, na Kaltuma akaandika jina zima la fundi pamoja na la baba yake, na mbele yake akaandika kumi na mbili, akangoja kila alama ikae mahali pake.

Nahashon alitokea ukumbini bila viatu, begi begani. Alitembea taratibu. Ndevu zake, ambazo asubuhi hazikuwapo, zilikuwa zimefika kifuani. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umejikunja kama unashika kikombe.

"Ulikunywa?" Kaltuma akamwuliza.

"Sikukunywa." Akaketi chini, mgongo kwenye meza ya mapokezi. Akainua kichwa. "Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Mjerumani. Na yule mama wa kofia. Walikuwa nyuma yangu kwa mlango. Mwenyeji amewashika mabega kwa upole, amewarudisha ndani. Anasema wao majina yao hayajaitwa. Anasema huku kwenu yamefutwa."

Kaltuma akageuka. Faki alikuwa ameshika mlango wa kutokea, uso umemwiva.

"Majina yao, Bwana Faki."

"Walihamia Kikambala."

"Majina yao. Kamili."

Faki alifungua kinywa. Akatazama tajiri, akatazama dari, akatazama vile viatu vilivyoonekana kule ukumbini. "Mmoja nadhani alianza na H," akasema.

Kwenye swichibodi, kati ya kumi na mbili na kumi na nne, kibao kikaanguka. Kikainuka chenyewe, kikaanguka tena, bila haraka, kama mwenyeji anayebisha hodi kwa adabu kuulizia wageni wake wanaofuata.