Alama ya Penseli

Kila asubuhi ya likizo ya Aprili, Saadia alipita sokoni Marikiti na kikapu cha ukili mkononi. Kadenge, muuza mboga, alikuwa amekwisha kumwekea kando majani ya mchicha na maganda ya mapapai.

"Wasalimie wazee wangu," Kadenge alimwambia, kama alivyozoea kumwambia babu yake Saadia kwa miaka mingi.

"Wamelala bado. Wanangoja chai," Saadia alijibu, naye Kadenge akacheka.

Wazee hao walikuwa kobe wawili wakubwa kama meza. Waliishi katika bustani ndogo ya wanyama iliyojificha nyuma ya nyumba za barabara ya Ndia Kuu, mwisho wa kichochoro chembamba kisichopitisha hata gari dogo. Mlango wake ulikuwa wa buluu, na rangi ilikuwa imebanduka pale ambapo mkono wa babu Yeslam uliusukuma kila siku. Ndani mlikuwa na njiwa, sungura, tausi mmoja mwenye jicho moja, na hao kobe. Jumamosi wanafunzi walikuja kutazama, na babu aliwaeleza habari za kila mnyama mpaka sauti ikamkauka.

Sasa babu hakuwepo. Alifariki mwaka uliopita. Kiti chake cha kamba kilikuwa bado chini ya mti wa mkungu, na hakuna aliyekikalia. Saadia alipoingia alikitazama kwanza, kama mtu atazamaye saa. Aliikumbuka harufu ya udi katika kanzu yake, na ule wimbo aliokuwa akimwimbia kobe jike kila asubuhi:

Kungumanga jitokeze, mchicha umeshafika,
Shingoyo usiilaze, jua limekwisha waka.

Kungumanga lilikuwa jina la yule kobe jike. Babu alipoimba, kichwa cha kizee kilichomoza polepole kutoka ndani ya gamba, na watoto wote walipiga makofi. Tangu babu afariki, wimbo haukuimbwa tena. Saadia alijaribu mara moja, akaishia mstari wa kwanza.

Kobe dume aliitwa Sajini. Babu alimtafuta dume kwa miaka kumi na zaidi, tangu yule wa kwanza alipokufa. Aliandika barua, akapiga simu, akasafiri. Mwishowe Mzee Haroun, mwenye bustani kubwa ya wanyama huko Malindi, alikubali kumwazima Sajini kwa sharti moja: mayai ya kwanza yakitoa watoto, Sajini abaki, yasipotoa, kobe wote wawili wahamie Malindi, penye nafasi na madume wengine. Babu akakubali. Wiki tatu baadaye alifariki, kabla ya kumwona Sajini.

Siku Sajini alipofika, gari lilisimama Ndia Kuu kwa kuwa kichochoro kilikuwa chembamba. Mahamali wanne walimpakia kwenye mkokoteni, nao watoto wa mtaa wakamfuata kwa vigelegele.

"Bwana harusi huyo! Bwana harusi!" alipiga kelele Khubaib, binamu yake Saadia, mwenye miaka kumi na moja na mdomo usiolala. "Mbona hakuvaa kilemba?"

"Kilemba chake ni hilo gamba," alijibu hamali mmoja akihema. "Njoo ukibebe wewe, nione."

Saadia alicheka siku ile mpaka machozi yakamtoka. Kisha machozi yakaendelea, na kicheko kikakoma.

Mapema Aprili, Kungumanga alichimba shimo akataga mayai tisa, meupe, ya mviringo kama mipira midogo. Bi Sidi ndiye aliyeyafukua. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kaloleni, aliyefanya kazi na babu kwa miaka ishirini na sasa ndiye aliyeiendesha bustani. Aliyapanga mayai katika sanduku la mchanga lenye joto, na juu ya kila yai akachora msalaba kwa penseli.

Siku ya kumi, Bi Sidi alipata habari ya msiba kwao. Alimwita Saadia akamvika shingoni ufunguo wa mlango wa buluu, ule ule wa babu uliofungwa kwa uzi mwekundu.

"Narudi Jumapili mchana. Walishe wanyama. Kwenye sanduku, tazama kipimajoto na unyunyizie mchanga maji kidogo. Basi. Usiguse kitu kingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi Sidi."

Alisikia, lakini alijua jambo. Nyumbani, juu ya dari, bibi yake Mahfudha aliangua vifaranga katika kasha lenye balbu. Kila yai la kuku alilichora alama upande mmoja, na kila asubuhi na jioni Saadia ndiye aliyeyageuza: alama juu, alama chini. "Yasipogeuzwa, kifaranga hugandia upande mmoja," bibi alimfundisha. Kazi hiyo Saadia aliifanya tangu ana miaka saba, na hakuna aliyemshinda.

Jioni ile aliinama juu ya sanduku la kobe. Misalaba tisa ilimkodolea macho. Ilikuwa juu, juu, yote juu. Alikumbuka kwamba hata asubuhi ilikuwa juu.

"Bi Sidi amesahau kuyageuza!" alisema kwa sauti. "Msiba umemchanganya."

Akayageuza, moja moja, kwa ncha za vidole, kama abebaye vikombe vya bibi vya kaure. Jumamosi asubuhi aliyageuza tena, na jioni tena, na Jumapili asubuhi tena. Mara nne. Alama zikarudi juu kama zilivyokuwa. Alijiona amewaokoa watoto wa Kungumanga, na alitamani babu angalikuwepo amwone.

Bi Sidi aliporudi alikagua kila kitu. "Joto sawa. Mchanga sawa. Mayai sawasawa nilivyoyaacha. Wewe ni mjukuu wa Yeslam kweli!"

Saadia alifungua mdomo aeleze juu ya kugeuza, kwa fahari. Wakati huo huo Samuel, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kujifunza utunzaji wa wanyama, aliuliza misalaba ile ni ya nini.

"Ni ya kunionya," Bi Sidi alisema. "Yai la kobe si la kuku. Ndani yake mtoto hujishika juu, papo hapo, siku ya kwanza. Ukiligeuza, anazama na kufa. Kwa hiyo alama ikiwa juu, roho yangu imetulia."

Saadia alifunga mdomo. Alizitazama zile alama, zote juu, zote zikimtetea. Hakuna ambaye angejua. Akasema anaitwa nyumbani, akaondoka mbio.

Shule zilifunguliwa. Saadia alikuja bustanini kila jioni, akafagia na kulisha, lakini hakulikaribia sanduku. Khubaib alimtania. "Siku hizi umekuwa kama Kungumanga. Kichwa ndani!" Saadia akaendelea kufagia. Nyumbani aliyakwepa macho ya bibi pia, na mayai ya kuku aliyageuza bila kuhesabu.

Mwishoni mwa Mei, Bi Sidi alifunga madirisha, akawasha tochi na kumulika yai la kwanza. Palipaswa kuonekana mishipa myekundu kama mizizi. Alimulika la pili, la tatu, mpaka la tisa. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Matupu," alisema. "Yote tisa. Basi Sajini amezeeka. Hazalishi tena."

"Labda si yeye," Saadia alinong'ona.

"Ni nani basi? Nimeyatunza kama macho yangu." Bi Sidi alijipangusa uso kwa ncha ya leso. "Na juzi Kungumanga amechimba tena pale kwenye kona. Nayo yatakuwa matupu. Nitayafukua niyatupe baada ya gari kuja. Mzee Haroun nitampigia leo. Mapatano ni mapatano."

Gari lilikuja Jumamosi. Mahamali wale wale wanne waliingia na mkokoteni wao. Mzee Haroun, mwembamba, mwenye bakora na ndevu nyeupe, alisimama chini ya mkungu akakitazama kiti cha babu kwa muda mrefu.

"Yeslam alinisimulia bustani hii kama peponi," alisema. "Nasikitika. Anzeni na dume, kisha jike."

Lakini Sajini hakutaka. Walimsukuma kuelekea ubao wa kupandia mkokoteni, akakaza miguu. Walimvuta akakaza zaidi, akatoa pumzi kama mpira uliotoboka.

"Huyu bwana harusi hataki talaka!" alisema Khubaib kutoka juu ya ukuta, na mahamali wakacheka huku wakifuta jasho.

Saadia hakucheka. Alimwona Kungumanga akitembea, hatua moja, nyingine, mpaka kwenye ubao, akasimama kando ya mwenzake. Kiti cha babu kilikuwa nyuma yao, kitupu. Kesho uwanja wote ungekuwa mtupu hivyo.

"Mwacheni!" alipiga kelele. "Si kosa lake! Ni mimi!"

Mahamali walisimama. Bi Sidi aligeuka.

"Niliyageuza mayai," Saadia alisema. "Ulipokwenda msibani. Mara nne. Nilidhani alama zako ni kama za bibi, za kugeuzia. Nilipojua, niliogopa. Nikanyamaza."

Khubaib aliteremka ukutani.

"Tangu Aprili!" Mzee Haroun aligonga bakora chini. "Nimetoka Malindi alfajiri, nimekodi gari, nimekodi watu, nawe ulikuwa na habari hii kifuani?"

"Ndiyo, Ami Haroun. Nisamehe."

Bi Sidi alinyoosha mkono, na Saadia akaelewa. Alivua uzi mwekundu shingoni, akampa ufunguo. Hapo ndipo alipolia.

Bi Sidi aliingia ndani. Alirudi na daftari kuukuu lenye jalada la kijani. Humo babu Yeslam aliandika kila mnyama aliyezaliwa bustanini: sungura, njiwa, tausi. Alifunua kurasa za mwanzo, akamwekea Saadia mikononi.

"Soma. Kwa sauti, Mzee Haroun asikie."

Mwandiko wa babu ulikuwa umeinama kulia, kama yeye alivyotembea. Saadia alisoma kwa kukatakata: "Kungumanga ametaga mayai kumi na moja. Nimeyageuza asubuhi na jioni, kama ya kuku wa Mahfudha. Yote yamekufa. Kosa ni langu, si la kobe. Kuanzia leo kila yai litachorwa alama juu, na atakayeligusa atanijibu mimi."

Saadia aliinua uso. "Babu? Babu naye?"

"Naye," alisema Bi Sidi. "Kasha lile lile la kuku, dari ile ile. Mimi nilikuwa mgeni hapa. Alikaa kwenye kiti kile siku nzima, hakula. Jioni akaomba kalamu."

Mzee Haroun aliinama akausoma ukurasa mwenyewe. Alipomaliza, hasira ilikuwa imepungua machoni. "Mtu mzima mwenye jina lake," alisema polepole, "na ameandika hivi." Aliwageukia mahamali. "Haya, ondoeni ubao. Sajini anabaki mpaka mwisho wa mwaka. Tuone hayo mayai mengine aliyonitajia Bi Sidi, yaliyo kwenye kona."

"Alhamdulillahi," alisema hamali mmoja. "Mgongo wangu unakushukuru, mzee."

Yale mayai ya pili hayakufukuliwa. Bi Sidi aliyazungushia ua wa miti, akayaacha ardhini palepale alipoyaweka mama yao. Saadia hakurudishiwa ufunguo. Kwa miezi mitano aligonga mlango wa buluu kama mgeni, akangoja afunguliwe, akafagia uwanja wote bila kuambiwa.

Ijumaa moja ya Novemba, Bi Sidi alifungua mlango kabla hajagonga. "Ndani, upesi! Vua viatu."

Kwenye kona, udongo ulikuwa ukitikisika. Ulipasuka kidogo, na kikatoka kichwa kidogo kisichozidi ukucha wa dole gumba, kimepakaa mchanga. Kikapepesa macho. Nyuma yake kulikuwa na kingine, na kufikia magharibi walikuwa watano, kila mmoja akitosha kwenye kiganja. Kando ya ua Sajini alitafuna mchicha wake kana kwamba hayamhusu.

Bi Sidi alimpa Saadia lile daftari la kijani na kalamu.

"Andika. Na usianze na hawa. Anza na wale tisa."

Saadia aliandika: "Kungumanga ametaga mayai tisa. Yaligeuzwa na Saadia mara nne. Hayakuanguliwa. Kosa ni langu, si la Sajini." Chini yake, baada ya kupumua, akaandika: "Kungumanga ametaga tena. Wamezaliwa watoto watano."

Bi Sidi alisoma, akatikisa kichwa kukubali. "Kugeuza ulikosea kwa kutojua, na hilo nilikusamehe siku ile ile. Kunyamaza ndiko kulikoniuma, mwanangu. Ungeendelea kunyamaza, ningemlaumu kobe asiye na hatia, na hawa watano ningewatupa kwa mikono yangu mwenyewe. Ukikosea, sema mapema, kungali na kitu cha kuokoa. Babu yako alikuwa mtu mkubwa kwa ajili ya ukurasa ule mmoja kuliko kwa bustani yote hii."

Kisha alivua uzi mwekundu shingoni mwake, akamvika.

Saadia aliushika ufunguo. Ulikuwa na joto. Alikwenda chini ya mkungu, akasimama kidogo mbele ya kiti cha kamba, halafu akakikalia. Kungumanga alikuwa amejificha ndani ya gamba lake. Saadia alikohoa, akaanza kuimba, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti:

"Kungumanga jitokeze, mchicha umeshafika..."

Safari hii aliimba mpaka mwisho. Na kichwa cha kizee, polepole, kikachomoza.