Herufi Sita za Chemshabongo

Harusi, mama mmoja wa mtaa wa Barani, alikuwa na uraibu mmoja, na mtaa mzima uliujua. Chemshabongo. Ile ya gazetini, yenye visanduku vyeupe na vyeusi, unajaza herufi moja moja mpaka neno linatimia.

Kusoma alijifunza ukubwani. Alijiandikisha darasa la ngumbaru akiwa na miaka hamsini na mbili, na wapo waliomcheka. Akawaacha wacheke. Sasa jirani yake Viola akimaliza kusoma gazeti, humpitishia juu ya ua. Viola alikuwa nesi, amestaafu. Harusi humwita Mama Thoya, na Viola humwita Mama Ilham, kila mmoja kwa jina la mtoto wa mwenzake.

Kilichompendeza Harusi zaidi ni mambo aliyoyakuta mle. "Mnyama wa baharini mwenye mioyo mitatu, herufi tano." Pweza. Jamani, Harusi amepika pweza miaka thelathini, wa nazi na wa kukaanga, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Siku ile alisimama kumtazama pweza wake sufuriani mpaka mchuzi ukakaribia kuungua.

"Mama, utajua yote wewe," Ilham bintiye alimtania. "Bado kwenda mwezini tu."

Mwezi wa tano Ilham alijifungua mtoto wa kiume, Muzammil. Kama ilivyo ada, alikuja kwa mamake kukaa arubaini. Mumewe, Mahdi, anaendesha tuktuk mjini. Alikuja kila jioni kuwaona.

Harusi aliwalea kwa bidii, na bidii ile ilikuwa na hofu ndani yake. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Uweis. Alifariki siku ya kumi na mbili, amelala, katika chumba hikihiki, mvua ikinyesha. Watu walisema baridi ilimwingia. Harusi aliyaamini maneno hayo miaka thelathini na tatu. Safari hii aliapa baridi haitapata hata upenyo wa sindano.

Basi alifunga dirisha. Chini ya mlango alisokomeza tambara. Jiko la makaa aliliwasha uani, moshi ukaisha, makaa yakawa mekundu, ndipo akaliingiza chumbani pembeni mwa kitanda. Juu yake alitia ubani. Chumba kikanukia vizuri, kikawa na joto, na Harusi akaridhika.

Siku ya tisa, Ilham alisema, "Mama, kichwa kinanigonga."

"Ni baridi ya uzazi hiyo. Jifunike vizuri." Harusi akaongeza makaa.

Siku ya kumi Ilham alitapika. Alisema kizunguzungu kinamshika kila akiinuka. "Nifungulie dirisha kidogo tu, mama. Nipate hewa."

"Dirisha? Mvua yote hii? Unataka kumuua mtoto?"

Harusi akaongeza makaa tena. Hakuwa mkaidi, alikuwa na hofu.

Siku ya kumi na moja mvua haikukatika tangu alfajiri. Harusi aliketi chumbani na gazeti lake. Ilham amelala. Muzammil amelala. Tangu asubuhi mtoto hakulia kudai titi, na Harusi akashukuru, maana usiku aliwasumbua. Lakini kichwa chake mwenyewe kilianza kumuuma, na macho yalikuwa mazito.

"Chemshabongo ya leo ngumu," alijisemea. "Mpaka imenipa maumivu ya kichwa."

Namba kumi na nne ilikuwa imemshinda. Herufi sita. K aliipata kwenye neno kasa. B aliipata kwenye bunju. N aliipata kwenye nazi. Zilizobaki hakuzijua. Akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akalisukuma tambara kwa mguu likae vizuri. Akaenda kwenye ua.

Hewa ya nje ilikuwa baridi na safi. Viola alikuwa barazani kwake anamenya muhogo.

"Mama Thoya, hujambo?"

"Sijambo, Mama Ilham. Mzazi wetu anaendeleaje?"

"Amelala, na mtoto amelala. Nisaidie neno moja. Sikiliza." Harusi aliinua gazeti, akasoma polepole. "Gesi ya nukta nukta monoksidi. Hutoka kwenye makaa yanayowaka. Haina rangi wala harufu. Huua."

"Kaboni," alisema Viola bila kuinua macho.

Harusi aliegemeza gazeti kwenye nguzo ya ua. Akaandika A baada ya K.

"Gesi mbaya hiyo," Viola aliendelea, kisu kikipita kwenye muhogo. "Watu huingiza jiko ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Asubuhi hawaamki."

"Jiko linalotoa moshi."

"Hata lisilotoa moshi. Makaa mekundu kabisa ndiyo yanayodanganya watu. Moshi utauona, gesi hutaiona. Kwanza mtu kichwa kinamuuma. Halafu kizunguzungu. Anatapika. Halafu anashikwa na usingizi, anadhani amechoka tu."

Kalamu ilisimama.

Harusi akayasikia tena maneno ya Ilham. Kichwa kinanigonga, mama. Nifungulie dirisha, mama. Mtoto hakulia tangu asubuhi. Na yeye mwenyewe, kichwa chake, ambacho hapa uani kilikuwa kimeanza kupoa.

"Mama Ilham, una nini? Mbona umebadilika rangi?"

"Jiko liko ndani," alisema Harusi. "Jiko liko ndani na nimeziba mlango."

Gazeti lilianguka matopeni. Alikimbia, na Viola alitupa kisu akapenya pengo la ua akimfuata. Mlango haukufunguka haraka kwa sababu ya tambara. Harusi aliusukuma kwa bega. Tambara lile alilisokomeza yeye, kwa mkono wake, na sasa lilimzuia kuingia kwa mwanawe.

"Ilham. Ilham, mama."

Ilham hakujibu. Harusi alimnyakua mtoto kitandani. Alikuwa mlegevu, shingo haina nguvu.

"Mtoe nje," Viola aliamuru. "Mpeleke barazani, kwenye hewa. Mimi namvuta mamake."

Alimkamata Ilham kwapani akamburura hadi barazani. Viola alisikiliza pumzi zao. "Wanapumua wote. Nipe simu." Akampigia Mahdi. "Njoo sasa hivi na tuktuk. Usiulize. Tunakwenda hospitali."

Harusi alikuwa ameketi sakafuni na mtoto kifuani, anamwita jina, anampulizia usoni. Mvua iliwarushia manyunyu na hakuijali. Baridi aliyoiogopa miaka yote ile, sasa aliiomba imwamshe mjukuu wake. Ilham alifungua macho kabla tuktuk haijafika. Muzammil alilia wakiwa njiani, kilio chembamba sana. Harusi hajawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Hospitali waliwekewa hewa ya oksijeni, mama na mtoto. Daktari aliuliza maswali machache akaelewa. "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema. Mahdi alisimama ukutani amepigwa na butwaa, ufunguo wa tuktuk mkononi. Hakumlaumu mkwewe. Hilo lilimuumiza Harusi zaidi.

Siku ya tatu waliruhusiwa. Viola alikuja, akaketi nao.

"Mama Thoya, mzazi si lazima apate joto?" Harusi aliuliza.

"Apate. Mkande kwa maji ya moto na kitambaa. Mvike soksi na shuka nzito. Mtoto mfunike, mweke kifuani kwa mamake. Lakini jiko likae uani. Ukitaka kumfukiza ubani, mfukize barazani."

"Na dirisha?"

"Dirisha lifunguliwe. Hewa safi haiui mzazi. Na mtu akilalamika kichwa kwenye nyumba yenye jiko, mtoe nje kwanza, umpeleke hospitali. Maswali baadaye."

Harusi aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza lile lililomkaba tangu siku ile uani. "Na Uweis wangu? Siku ile pia niliweka jiko."

Viola aliweka kikombe chini. "Sijui, mwenzangu. Watoto wachanga hufa kwa mambo mengi. Hakuna awezaye kujua sasa. Na wewe hukuambiwa na mtu."

Harusi alilia kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yatokee. Viola alimshika mkono.

Arubaini iliisha salama. Muzammil alinenepa, Ilham akarudi kwake. Wiki ileile Zainab, mdogo wake Harusi anayekaa Mambrui, alipiga simu. Bintiye amejifungua, yuko ndani siku ya tano.

Harusi alikwenda siku hiyohiyo. Alikuta dirisha limefungwa na chumba kinanukia ubani. Mzazi alikuwa ameshika kichwa. Jiko lilikuwa pembeni mwa kitanda, makaa mekundu, moshi hamna.

"Zainab, toa jiko hilo."

"Dada, umeanza mambo ya magazeti?"

Harusi alichukua kutoka mkobani ukurasa wenye madoa ya tope. Namba kumi na nne ilikuwa na K, A, B na N. Kalamu yake haikugusa tena vile visanduku viwili. Akamsomea Zainab maelezo, neno kwa neno. Akamweleza ya Ilham, yote, mpaka la tambara mlangoni.

Zainab alisikiliza, lakini alikuwa bado na lake. "Mama yetu alitulea na jiko. Na wewe umelea na jiko. Sote tuko hai."

"Sote?" Harusi alimtazama. "Mhesabu na Uweis."

Zainab alikunja ncha ya leso mikononi, akainama, akalibeba jiko kulipeleka uani. Harusi alifungua dirisha, akawatoa mzazi na mtoto barazani, safari ya hospitali ifuate.