Gari la Kupanda Naguru

Kila asubuhi Vera hutoka Bukoto kwenda Luzira, karibu na Port Bell. Ni muuguzi, na ndiye anayefungua zahanati. Mumewe, Ochola, ana duka la mabomba hapo hapo Bukoto.

Gari lao la umeme lilikuwa limechoka. Walilinunua likiwa limetumika, kama tunavyouziwa kila kitu tangu zamani: friji zilizotupwa ng'ambo, matairi yaliyopakwa rangi nyeusi. Hatujasahau. Sasa hata likichajiwa usiku kucha, lilizima njiani. Wagonjwa walisubiri mlangoni. Bosi akamwambia Vera, "Ukichelewa tena, natafuta mtu mwingine."

Ochola akaenda kwenye yadi ya magari. Akapenda moja kubwa, jeupe.

"Hili litatufikisha kwetu Kisumu Krismasi," alimwambia mkewe.

"Mimi sifanyi kazi Kisumu."

"Ndugu zangu watatuona tukishuka basi mpaka lini?"

"Nikifukuzwa kazi watatuona tukitembea."

Jirani yao Benedicte, fundi Mkongomani wa magari ya umeme, aliwasikia kwenye ngazi. Akacheka.

"Bwana Ochola, Krismasi ni mara moja kwa mwaka. Luzira ni kila siku. Chagua gari la Luzira. Tutaenda wote."

Kwenye yadi, muuzaji aliwasha gari. Kioo kikaonyesha betri mia kwa mia.

"Bosi wangu, betri ni nzima. Angalia mwenyewe."

"Umeona?" Ochola akamwuliza Benedicte.

"Nimeona limejaa. Sijaona linabeba kiasi gani. Jerikeni lililobonyea nalo hujaa, tena upesi. Ukimimina, maji ni kidogo. Betri iliyozeeka ni hivyo hivyo."

Akatoa kifaa chake cha kupimia betri. Muuzaji akaziba mlango wa gari.

"Nyabo, mama yangu, hapa hatupimi. Mnanunua ama hamnunui?"

"Basi tuliendeshe. Tufike Luzira, turudi kupitia kilima cha Naguru, sote wanne ndani."

"Mtaniharibia gari."

"Gari gani huharibika kwa kupanda kilima?" Vera akauliza.

Ochola aliangalia tabasamu la muuzaji. Gari lao bovu nalo alionyeshwa hivyo hivyo, kwa tabasamu kama hilo. Aliyemuuzia leo hashiki simu yake.

"Twendeni," akasema.

Yadi nyingine ilikuwa na gari dogo, la rangi iliyopauka. Muuzaji wake alikubali lipimwe. Kifaa kilionyesha betri bado ina nguvu. Wakaenda Luzira, wakarudi kupitia Naguru. Walipofika Bukoto, umeme uliobaki ungetosha safari nyingine kama hiyo.

"Hiyo akiba ni ya foleni, na ya siku umeme ukikatika," Benedicte alieleza. "Na ule waya mnaoning'iniza dirishani hadi kwenye gari, uguseni wakati wa kuchaji. Unapata moto. Utachoma nyumba."

Kabla ya kununua, walizungumza na mwenye nyumba. Fundi umeme mwenye leseni akawawekea soketi na mita yao pale wanapoegesha.

Siku hizi Vera hufungua zahanati kabla wagonjwa hawajafika. Krismasi watapanda basi.

Juzi muuzaji wa lile gari jeupe alimpigia Ochola simu.

"Bosi wangu, lile kubwa bado liko hapa."

"Najua," Ochola akajibu. "Lingeenda wapi?"